Mlango Uliokwama

Juzi nilifanya ujinga. Mlango wa chumba changu hapa Ruiru ulianza kukwama, nami nikaupiga randa kwa bidii mpaka sasa paka wa jirani anapita chini yake bila kuinama. Ukuta sikuutazama hata. Kilichonisimamisha ni harufu ya maranda, yale maganda ya mbao yanayojikunja.

Utotoni tulipanga chumba cha chini katika jengo la ghorofa kule Kiuu. Mlango wetu nao ulikwama kila mara, na kila mara baba aliupiga randa huku akilaumu mvua. "Mbao imekunywa maji," alisema. Sisi watoto tuliyavaa maranda kama bangili. Ufa wa ukutani mama alikuwa ameufunika kwa kalenda.

Mchana mmoja jirani wa juu, mama wa kutoka magharibi mwa Kenya aliyefanya kazi kiwandani Thika, alishuka na godoro kichwani. Akamkuta baba akisukuma mlango kwa bega.

"Huo mlango hauna shida, mzee. Ni nyumba inashuka. Tokeni!"

Mama alituburura nje. Baba alifuata na randa yake, akibisha.

Tulikuwa tumevuka barabara nyumba ilipokaa chini, polepole, kama mtu aliyechoka. Vumbi likatumeza, hatukuonana. Humo vumbini nilimsikia baba bado anaeleza mambo ya mvua, na yule jirani akimkatiza:

"Mzee, wachana na mbao. Hesabu watoto."