Macho ya Dada

Mtaani walimwita Patasi, na jina likamganda hadi wanawe wakawa wanalitumia. Alichonga viti, milango na vinyago vya kuuzia wageni. Kichwa cha mtu halisi alichonga kimoja tu maishani: cha dada yake, aliyefariki kwa uzazi. Alikichonga kama alivyomwona mara ya mwisho, macho yamefumbwa, mdomo umepinda kidogo, kama mtu anayebana kicheko.

Kichwa kikakaa rafuni karakanani, kikawa kinamnyima raha. Alipokuja mchoraji mmoja kutoka ng'ambo, akakitazama kutwa nzima bila kunywa hata maji, Patasi alimpa bure. "Chukua," alimwambia. "Nenda nacho mbali."

Miaka ikaenda. Mchoraji akafa, sifa zake zimeenea dunia nzima, na picha zake zikaletwa kwenye jumba la makumbusho la mjini. Mpwa wake Patasi, yule mtoto aliyebaki dada alipofariki, sasa mwalimu na mama wa watoto, alimfuata.

"Mjomba, twende. Huenda ukaiona kazi yako."

"Kazi yangu naijua. Magoti ndiyo hayataki."

Lakini alikwenda.

Walimkuta dada kwenye ukumbi wa ndani. Uso wake, wa buluu, mkubwa kuliko mlango. Kando yake mwingine, na mwingine, ukuta mzima. Mdomo uleule. Ila mchoraji alikuwa amemfumbua macho. Yalikuwa makubwa, ya kijivu, yanatazama nyuma ya mabega ya watu.

"Huyu ndiye mama?"

"Ndiye."

"Ndivyo alivyokuwa akitazama?"

Patasi akafungua kinywa aseme hapana. Akamtafuta dada yake akilini: akimwita chakula kinapoa, akimgombeza kwa kuleta vumbi la mbao kitandani. Kila alipomgeukia, dada alimtazama kwa macho yale ya kijivu.

"Sikumbuki, mwanangu," alisema, akaketi sakafuni mbele za watu.

Mpwa alinunua nakala ya picha, akaitundika sebuleni. Huongea nayo akipiga pasi. Anasema hatimaye amepata mama. Patasi hakuwa na moyo wa kumkatalia. Akialikwa kula, huchagua kiti kinachoupa ukuta ule mgongo.

"Babu, bibi anakuangalia," wajukuu humwambia.

"Najua," hujibu, na kuendelea kula.