Kochi Lililovuka kwa Miguu

Mtaa mzima ulimwita Fundi Makochi, na hata mkewe alipomkasirikia alimwita hivyo hivyo. Alikuwa na mikono myepesi na mdomo usiopumzika, na moyoni alijiona dereva hodari kuliko fundi. Bia tatu nne kwake hazikuwa kitu. Alidai zinamnyooshea usukani.

Siku moja zikaunyoosha hadi ndani ya kibanda cha muuza matunda. Bahati njema mwenye kibanda alikuwa ameinuka kumkimbizia mteja chenji, akaziacha ndara zake chini. Trafiki walimpulizisha Fundi kipimo cha pombe, namba zikapanda. Hakimu akamtoza faini na kumfungia leseni mwaka mzima, akamwonya kwamba akikamatwa tena nyuma ya usukani kabla mwaka haujaisha, atakwenda jela. Yote hayo aliyameza. Kilichomnyima usingizi ni zile ndara chini ya gurudumu, tupu.

Bia akaziacha bila kumtangazia mtu. Mkewe akajifunza udereva, akawa ndiye anayepeleka makochi kwa pikapu, na Fundi akawa anakaa pembeni yake akikanyaga breki zisizokuwepo.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo mkewe alikuwa mbali, msibani kwa rafiki yake. Asubuhi simu ikalia. Alikuwa nesi mmoja mstaafu.

"Fundi, kochi langu liko wapi? Mwanangu analeta wakwe zake mchana huu. Niwakalishe juu ya ndoo?"

"Linakuja, mama. Liko njiani."

Lilikuwa katikati ya karakana, halijasogea hata hatua. Shemeji yake, kaka wa mkewe aliyefanya naye kazi, akamtikisia ufunguo wa pikapu.

"Shemeji, ni hapo tu ng'ambo ya barabara kuu. Leo umekunywa nini? Chai. Nani atajua?"

"Endesha wewe basi."

"Mimi? Hata baiskeli inanishinda!"

Fundi akaupokea ufunguo. Kichwani akamwona nesi akipanga ndoo sebuleni. Akaiona pia karakana imepigwa kufuli, na mkewe kwenye foleni ya gereza na bakuli la chakula mkononi. Akautia ufunguo mfukoni.

"Shika huko kwenye miguu."

"Miguu ya nani?"

"Ya kochi, wewe!"

Wakamwita jirani yao mchomelea vyuma, wakajitwika kochi vichwani wote watatu, wakatoka. Kila walipochoka walilitua kando ya njia na kulikalia, wamejipanga kama wazee wa baraza.

"Sinema inaanza saa ngapi?" akauliza mpita njia.

"Kata tiketi kwanza!" akajibu Fundi, jasho likimwingia machoni.

Kwenye barabara kuu hakuna gari lililosimama kuwapisha. Askari wa trafiki, mwanamke mnene mwenye filimbi shingoni, akawasogelea.

"Dereva ni nani hapa?"

"Hakuna dereva, afande. Ni miguu yetu tu."

"Na aliyelewa?"

"Ni kochi, afande," akasema mchomelea vyuma. "Si unaona limebebwa?"

Askari akacheka mpaka kofia ikamwenda upande. Akapuliza filimbi, akanyoosha mkono, na magari yakasimama pande zote mbili. Kochi likavuka polepole, mbele ya lori la saruji na basi lililojaa watu wakipiga makofi.

Wakafika wakati nesi anafagia kizingiti. Akalikalia kochi, akajirusha mara mbili, akatabasamu.

"Mmenitoa aibu, wanangu. Haya, sasa bebeni na lile la zamani. Mkeo aliniambia mtaondoka nalo."

Pale ukutani lilikuwepo, la mbao nzito, refu kupita hili jipya. Fundi akageuka kumwambia shemeji yake ashike upande wa pili. Shemeji alikuwa ameshalala chali sakafuni, macho ameyafumba.