Mtoto wa Ishirini na Moja

Siku Boke Waitara alipopewa mkataba wa kazi katika ofisi ya shirika pale Mugumu, aliusoma kwa saa moja na dakika arobaini. Mratibu, bwana mmoja mpole aitwaye Revocatus, alikuwa ameufungua ukurasa wa mwisho na kuweka kalamu juu yake, maana wengi huanzia hapo. Boke aliiondoa kalamu akarudi ukurasa wa kwanza. Revocatus akanywa chai, akapokea simu mbili, akatoka, akarudi.

"Kifungu cha tisa," Boke alisema. "Naomba unisomee kwa sauti."

Revocatus akasoma: "Mwalimu hatapangiwa watoto zaidi ya ishirini kwa wakati mmoja."

"Kimewahi kutumika?"

"Mikataba yetu inaandikwa makao makuu, mwalimu. Kifungu kipo."

"Kipo, au kinatumika?"

Revocatus alifikiri kidogo. "Bado hakijapata nafasi," alisema.

Boke akasaini.

Kabla ya hapo alikuwa amefundisha darasa la kwanza kwa miaka tisa, katika shule moja ya msingi Tarime. Mwaka wa mwisho darasa lake lilikuwa na watoto mia moja sitini na nne. Majina hakuyajua yote. Aliwajua kwa mahali walipokaa: wa dirishani, wa mlangoni, wa chini ya ubao. Madaftari aliyasahihisha kwa zamu, na zamu ya mtoto mmoja ilifika kila baada ya siku kumi na moja. Muhula mmoja alimfundisha kwa wiki tatu mtoto wa shule ya jirani aliyekosea geti. Mtoto hakugundua, na Boke hakugundua. Aliyegundua ni mama wa mtoto, alipokwenda kuulizia maendeleo yake kwenye ile shule nyingine.

Baada ya hapo Boke alimwendea mwalimu mkuu.

"Mwongozo unasema arobaini na tano," alisema.

"Naujua," mwalimu mkuu alijibu, bila ubaya. "Lakini mwongozo uko ofisini, mwalimu. Watoto wako darasani."

Boke akaomba ruhusa akasomee elimu maalumu, upande wa viziwi. Alipomaliza aliacha kazi ya serikali, jambo ambalo mama yake hakulielewa na mpaka leo halielewi, akaenda Serengeti kwenye hilo shirika. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka kwa pikipiki vijijini, kuwafundisha lugha ya alama watoto viziwi ambao hawajafika shule, nyumbani kwao, pamoja na wazazi wao.

Aliyemtangulia, Mwalimu Batholomeo, alikuwa na watoto hamsini na mmoja. Alikuwa mtu mwema na hakuwahi kumkataa mtoto. Kila mmoja alimfikia mara moja kwa miezi miwili hivi, akamfundisha ishara ya maji, ya chakula na ya mama, akaondoka. Aliporudi baada ya miezi miwili walikuwa wamesahau, akawafundisha tena maji, chakula na mama. Taarifa zake zilisema watoto hamsini na mmoja wamefikiwa, na makao makuu walifurahi. Mwaka wa tatu mgongo ulikataa pikipiki, akarudi kwao.

Boke alichukua daftari la Batholomeo akapita kila nyumba. Watoto ishirini na mmoja walikuwa wamehama au wamepelekwa shule za bweni. Watano walishakuwa watu wazima, mmoja wao ana mke na watoto wawili. Watatu walikuwa wanasikia vizuri kabisa, ila hawakupenda kujibu. Wawili walikaa karibu na shule yenye kitengo cha viziwi, akawaandikisha huko. Wakabaki ishirini. Akawapanga wanne kwa siku, siku tano kwa wiki. Alhamisi ilikuwa ya Machochwe.

Kwa mara ya kwanza tangu awe mwalimu alijua mtoto gani anachelewa kuelewa na kwa nini. Pale Machochwe kulikuwa na Sylvester, mwenye miaka tisa, mtoto wa Beatrice, mama anayelima ufuta na mtama karibu na mpaka wa hifadhi. Mwezi wa tatu Sylvester alimshika mama yake mkono, akamweleza kwa ishara kwamba kitenge chake kilicholiwa wakati wa mavuno kililiwa na mbuzi wao wenyewe. Beatrice alikuwa hasemi na jirani yake tangu mavuno hayo kwa sababu ya mbuzi wa jirani. Ilibidi aende kuomba radhi. Hakuifurahia safari hiyo, lakini alimsimulia kila mtu kwamba mwanawe amezungumza.

Ndiyo sababu Alhamisi iliyofuata, Boke alipofika, alimkuta mwanamke mzee amekaa kwenye kigoda uani kwa Beatrice, na msichana wa miaka sita amesimama nyuma yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mimi ni Waisiko, nimetoka ng'ambo ya mto. Huyu ni Rhobi, mjukuu wangu. Alipata homa akiwa na mwaka mmoja, masikio yakaondoka. Wewe jina lako nani?"

"Boke."

"Boke ni jina la mama yangu mzazi," Bibi Waisiko alisema. "Basi wewe ni mama yangu. Nimekuletea mjukuu."

Boke alivua kofia ya pikipiki taratibu. Alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu asaini, na maneno alikuwa ameyaandaa.

"Bibi, nina watoto ishirini. Mkataba wangu unaishia hapo. Nitamwandika Rhobi kwenye orodha ya wanaosubiri, nafasi ikipatikana atakuwa wa kwanza."

"Ishirini na mmoja ni wengi kuliko ishirini?"

"Ni mmoja zaidi."

"Ng'ombe akizaa, zizi likiwa na ishirini, ndama unamwacha nje?"

"Ng'ombe wanachungwa pamoja, bibi. Hawa nawafundisha mmoja mmoja. Nikimwongeza Rhobi, kuna mwingine namwibia saa yake. Mwezi ujao atakuja mwingine, na mimi nitakuwa Batholomeo."

"Batholomeo alikuwa na adabu," Bibi Waisiko alisema. Akamshika mjukuu wake mkono, wakaondoka. Rhobi aligeuka mara mbili kuitazama pikipiki.

Jioni ile Boke alipika ugali akauacha. Alijua hesabu yake ni sahihi. Aliipiga tena mezani, ikatoka sahihi vilevile, na ugali ukabaki.

Mwisho wa mwezi alijaza taarifa. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika mtoto aliyekataliwa, kwa hiyo alichukua rula akachora safu mpya pembeni. Juu yake akaandika: Wanaosubiri. Chini yake: Rhobi, miaka sita, Machochwe.

Revocatus alipiga simu siku hiyohiyo. "Mwalimu, hii safu inaleta picha mbaya. Mpokee tu huyo mtoto kimya kimya."

"Sawa. Nimtoe nani?"

"Usimtoe mtu."

"Basi watakuwa ishirini na mmoja. Kifungu cha tisa ulinisomea mwenyewe."

"Nitaipeleka kama ilivyo," Revocatus alisema, kwa sauti ya mtu anayebeba kitu kinachovuja.

Habari zilifika Tarime kabla taarifa haijafika makao makuu. Mama yake alimpigia. "Nasikia umemkataa mtoto kiziwi."

"Nimemwandika kwenye orodha, mama."

"Orodha haifundishi."

Boke akauliza habari za mahindi.

Alhamisi iliyofuata Bibi Waisiko alikuwa palepale kwenye kigoda, safari hii peke yake.

"Nimekuja kumsalimia Beatrice," alisema.

Beatrice alikubali kwamba amesalimiwa. Boke akatandika mkeka, akaanza somo na Sylvester. Bibi Waisiko alisogeza kigoda, akasogeza tena, mpaka akawa ukingoni mwa mkeka. Sylvester alipofanya ishara ya mvua, mikono miwili ya kizee nayo ikanyesha.

Boke akasimama. "Bibi."

"Mkataba wako unasema watu au unasema watoto?"

Boke aliujua mkataba kwa moyo. Hata hivyo aliutoa kwenye begi, akausoma. "Unasema watoto," alisema.

"Mimi nina miaka sitini na nane."

Boke akaukunja mkataba. "Ishara ya mvua," alisema, "vidole vinalegea kidogo. Hivi."

Bibi Waisiko alikuja kila Alhamisi, mwendo wa saa nzima kwa miguu, isipokuwa wiki mbili ambazo tembo walikuwa mashambani na hakuna aliyeruhusiwa kupita njia ya chini. Hakuwa mwanafunzi mwepesi. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kilivunjika zamani kwa mpini wa jembe kikaungana kikiwa kimepinda, kwa hiyo kila ishara iliyotaka kidole kinyooke ilitoka imeinama. Zingine alizisahau njiani akaweka za kwake. Boke alimsahihisha kadiri saa ya Sylvester ilivyoruhusu. Hawakuzungumza zaidi ya somo. Likiisha, bibi alimuaga Beatrice, akaondoka.

Ile safu ya pembeni ikaanza kujaa. Watu wakisikia kuna orodha, hupeleka majina. Mwezi wa nane walikuwa watano. Mwezi wa kumi walikuwa tisa, wa mwisho akiwa Godwin wa Issenye, miaka kumi na miwili, aliyeletwa na baba yake kwa baiskeli. Boke aliwaandika wote, akamwambia kila mzazi maneno yaleyale, na hakuna hata mmoja aliyeyapenda.

Mwezi wa kumi na moja makao makuu walipiga simu kuuliza safu ile ni ya nini. Revocatus aliwaeleza. Wakauliza kwa nini hawakuambiwa mapema kwamba kuna watoto wanaosubiri, maana nafasi ya mwalimu wa pili wa Serengeti ilikuwemo kwenye mpango tangu mwaka wa kwanza. Haikujazwa kwa sababu taarifa za miaka yote mitatu zilionyesha kwamba kila mtoto amefikiwa.

Revocatus alimwendea Boke mwenyewe kumpa habari hizo. Alizisema akiwa amesimama.

"Kumbe tulikuwa tunawaficha," alisema.

"Batholomeo hakumficha mtu," Boke alisema. "Alikuwa anawabeba tu."

Mwalimu wa pili aliripoti mwezi wa pili. Aliitwa Masanja, Msukuma mrefu aliyesomea kazi hiyohiyo, na mkataba wake ulikuwa na kifungu cha tisa. Boke alimpa orodha. Ilikuwa na majina kumi na moja, lakini watoto walikuwa kumi. Godwin hakupatikana. Baba yake alikuwa amekwenda Nyamongo kutafuta dhahabu, akamchukua. Boke alikwenda huko Jumapili mbili, akauliza kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo kama kuna mtu amemwona mvulana asiyesikia. Waliomjibu walisema pale kelele ni nyingi, hakuna anayesikia. Alirudi akaandika mbele ya jina, "Amehama," na hakulifuta. Hilo ndilo jina analolikumbuka akiambiwa kwamba alifanya vizuri.

Masanja alianza na Rhobi. Saa nne asubuhi Boke alipokea simu yake.

"Mwalimu, ulisema huyu mtoto hajafundishwa."

"Hajafundishwa na mwalimu."

"Basi anaongea. Nimehesabu ishara mia na kitu nikaacha. Ila simwelewi vizuri. Nilipofika aliniuliza kama mimi ni pikipiki."

"Bibi yake alisahau ishara ya mwalimu," Boke alisema. "Mimi nakuja na pikipiki."

"Halafu kidole chake kimepinda. Kila kitu anakisema na kidole kimepinda. Nimempeleka kwa mama yake akiangalie. Anasema kidole ni kizima."

"Ni kizima. Hiyo ni lafudhi."

Ilibidi Masanja atumie majuma mawili ya kwanza akijifunza kwa Bibi Waisiko, ambaye hakumwonea huruma. Kila alipokosea, alimrudisha mwanzo. Mwezi wa nne Rhobi alikuwa anajua namna zote mbili: kidole kilichonyooka kwa Masanja, na kilichopinda kwa bibi yake. Mwaka uliofuata akaandikishwa kwenye shule ya Mugumu yenye kitengo cha viziwi, akalala bweni. Siku za likizo, akishuka kwenye gari, kidole kinapinda kabla hajafika nyumbani.

Boke alikutana na Bibi Waisiko njiani siku moja ya soko. Alisimamisha pikipiki, akazima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Bibi alikuwa na kikapu cha viazi vitamu kichwani, hakukishusha. "Mwaka ule nilikuwa na hasira na wewe."

"Najua."

"Nilikwenda hata kwa mchungaji akuombee mabaya. Akakataa."

"Pole, bibi."

"Bado ninayo kidogo," Bibi Waisiko alisema, kama mtu anayetaja maumivu ya goti. Akaitazama pikipiki, akaupima mwendo uliobaki. "Unapita kwa Beatrice?"

"Napita."

Bibi akaushusha ule mzigo, akampa aufunge nyuma, akapanda.