Stelingi Hafi

Maganda ya kahawa yakilala siku mbili tatu nyuma ya nyumba huanza kunuka uchachu unaoshika nguo, nywele, hata uji. Msimu ule, katikati ya miaka ya tisini, harufu hiyo iliingia mpaka chumbani kwa kaka yangu Gaspari, kwetu Uru, na kufunga dirisha hakukusaidia. Gaspari alikuwa na miaka kumi na saba na moyo mbovu. Hospitali walimrudisha nyumbani apumzike, na sote tulielewa maana ya kupumzika ila hakuna aliyeitamka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kazi yangu, nikishamaliza kuchuma kahawa, ilikuwa kumsomea riwaya za vijana nilizoazima kwenye kabati la vitabu la parokia.

Kabla hajaugua, Gaspari alikuwa haishi kuteremka Moshi mjini kwenye banda la video, kwa hiyo alijiona bingwa wa filamu. Kila riwaya aliipima hivyo tu: inafaa filamu au haifai. Ile ya wasichana wa bweni aliikataa sura ya pili. "Mae! Barua tupu. Nani atakaa atazame watu wanaandika barua?" Ile ya wezi wa ng'ombe aliisifu kwa sababu ilikuwa na mto uliofurika. Kisha tukaipata ya kijana aliyetoroka shule kwenda kumtafuta baba yake machimboni, na hapo akapata nguvu wiki nzima, au mimi ndivyo nilivyotaka kuona. Aliketi akaegemea ukuta, akawa ananikatisha kila aya. "Ngoja kwanza. Hapa kamera inaanzia juu, inashuka taratibu, tunamwona mgongo tu."

Nilikuwa na tabia ya kusoma mbele peke yangu, migombani. Ndivyo nilivyojua kwamba kijana yule anafukiwa na kifusi shimoni, sura tatu kabla ya mwisho, na baba yake ndiye anayemchimbua, ameshakufa. Sikulia. Niliganda tu, kitabu mapajani. Banda la video lilikuwa limetufundisha watoto wote wa Uru kwamba stelingi, yule mhusika mkuu, hafi hata amiminiwe risasi za gari zima. Basi jioni ile nikatunga mwisho wangu: kijana anatoka shimoni, baba anamkumbatia, wanapanda basi kurudi nyumbani.

Gaspari akauliza, "Kamera iko wapi?"

Akautazama mkono wangu ulioshika kurasa zilizobaki. "Kitabu kimebaki kinene hivyo, nawe umemaliza? Anjela, nisomee kilichoandikwa."

"Kesho," nikasema.

Kesho yake asubuhi nilikirudisha parokiani, nikamwambia Gaspari kuna mtu amekiazima. Alikiulizia mara mbili, kisha akaacha, na riwaya nyingine hakutaka. Tulimzika kihambani, shamba letu la ukoo, chini ya migomba, kabla kahawa haijaisha mitini. Wamama walinong'ona kwamba mtoto huyu ana roho ngumu, hajatoa hata chozi. Walisema kweli, na mpaka leo chozi hilo halijatoka.

Siku hizi nafundisha Kiswahili sekondari. Wanafunzi wangu hutazama filamu kwenye simu, kila mtu na yake, wala hawahitaji kusomewa na mtu. Mwezi uliopita mmoja wao, Neema, alinijia ofisini kuuliza ni riwaya gani za vijana zingefaa filamu. Nikamtajia kadhaa, upesi upesi, kalamu nyekundu mkononi. Kisha nikamsimulia hii ya machimboni, na kwa mara ya kwanza nikaufikia mwisho wake: shimo, kifusi, baba na koleo lake. Neema alisikiliza bila kupepesa. "Mwalimu," akasema, "hapo ndipo penye filamu yenyewe." Alikuwa ameshasogeza kiti karibu yangu bila mimi kuona. Nadhani Gaspari aliujua mwisho ule kabla sijaufungua. Alichotaka ni mtu wa kukaa naye unaposomwa, nami nilikirudisha kitabu.