Niliposhuka Melini Kulea Wanangu

Siku yangu ya kwanza kazini, Serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wote wa sitaha, hakuniuliza cheti. Alinitupia kamba nene iliyolowa maji, akaniamuru niifunge kwenye nguzo ya chuma gatini, hapa bandari ya Kigoma. Nikaifunga kama nilivyozoea kufunga mbuzi wa baba kule Kidahwe. Akaifungua kwa mkono mmoja.

"Kijana, hii ni meli. Haili majani," akasema, kisha akanifundisha fundo lile polepole mpaka nikaliweza.

Ninyi mnaosafiri kwa basi hamjui meli ile ilikuwa nini kwa watu wa mwambao wa ziwa. Vijiji vingi vya kusini havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali na ufuko, ikapiga honi, na maboti ya mbao yakaja mbio yamejaa watu, kuku, magunia ya dagaa, na mara nyingi mgonjwa aliyelazwa juu ya magunia hayo. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye mlango wa ubavuni na kuvuta abiria ndani. Boti hupanda na kushuka na wimbi, kwa hiyo mtu humshiki vidole, unamshika kifundo cha mkono, na unamvuta boti inapopanda. Ukichelewa, inashuka naye. "Mtu kwanza, mzigo baadaye!" Serahangi alipaza sauti kila kituo, na mfanyabiashara aliyetanguliza gunia mbele ya mama mwenye mtoto alirudishwa nyuma ya wote.

Niliipenda kazi ile. Nikamwoa Anastazia, binti wa wakulima wa kahawa wa Kalinzi, tukapanga nyumba Ujiji, tukajaliwa Elia, Neema na Yohana. Kapteni akaanza kuniita juu nisimame karibu na usukani, nitazame na kujifunza. Aliniambia nijiandae kwa mtihani wa mshika usukani, na Anastazia alifurahi kuliko mimi.

Tulikuwa tunarudi kutoka safari ya kusini, asubuhi. Kabla hatujarusha kamba nikamwona Mchungaji wetu amesimama gatini pamoja na kaka yangu. Mchungaji hakuwa mtu wa kuja kupokea meli. Malaria ilikuwa imempanda mke wangu kichwani baada ya sisi kuondoka, na zama zile simu haikufika huko tulikokuwa. Walikwisha kumzika kwao Kalinzi. Nilifika nikakuta udongo na maua yaliyonyauka.

Matanga yalipoisha, ukoo ulikaa kikao. Baba mkwe, mzee mpole niliyemheshimu sana, akasema Elia abaki kwa bibi yake, Neema aende kwa shangazi Kasulu, na Yohana, ambaye hata kutembea hakuwa amezoea, achukuliwe na mama yake mdogo. Alisema kwa upendo. Nikasimama.

"Baba, naomba wanangu wasigawanywe. Nitawalea mwenyewe."

"Mwana wanje," akanijibu, ndivyo Waha tunavyomwita mtoto wetu, "wewe unaishi majini. Utawalea pamoja na migebuka wa ziwani?"

"Basi nitashuka nchi kavu."

Kesho yake nilikwenda kwa Kapteni. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Unajua unachokiacha?" akauliza. "Mtihani uko mlangoni. Miaka michache tu na wewe ungeongoza chombo hiki."

"Najua, Kapteni. Lakini usukani utapata mtu mwingine wa kuushika. Wale hawana baba mwingine."

Hakunibembeleza tena. Alitembea nami mwenyewe hadi kwa Mkuu wa Gati, nikapewa kazi ya kumwongoza mwendesha kreni kwa ishara za mikono. Yeye yuko juu, haoni kilicho ndani ya tumbo la meli. Anaona mikono yako tu. Kiganja chini, teremsha. Ngumi, simama. Mkono ukisitasita, mzigo unayumba juu ya vichwa vya wenzako. Nilijifunza kuacha msiba wangu getini kila asubuhi.

Nyumbani sikuuacha. Nilipika ugali ukawa na madonge, nikamsuka Neema nywele akatoka kama kuku aliyenyeshewa. Na Mungu sikutaka kusema naye. Mchungaji alikuja Jumamosi moja, nikamwambia mapema, "Kama umekuja kuniuliza kwa nini siji kanisani, sina jibu."

"Nimekuja kukupasulia kuni," akasema, akavua koti. Akapasua mpaka jasho likamtoka, akanywa maji, akaaga.

Jirani yetu, Bi Zainabu, mjane wa Kiislamu aliyekaanga samaki barazani, aliwaangalia wanangu nilipokuwa kazini. Jumapili moja nilimkuta amewaogesha na kuwavisha.

"Unawapeleka wapi, Bi Zainabu?"

"Kanisani kwao. Mama yao hakuwakosesha hata Jumapili moja. Wewe Baba Elia kaa na hasira zako, watoto wana Mungu wa kumwendea."

Akawapeleka, Jumapili hiyo na zilizofuata, na kila mara alikaa nje ya kanisa mpaka ibada iishe ili awarudishe. Jumapili nyingine nilitoka zamu ya alfajiri mvua ikinyesha. Nikampitia pale, amejikunyata chini ya upenu, kanga yake imelowa.

"Nenda nyumbani, Bi. Nitawasubiri mimi."

"Mimi nasubiri nje kwa sababu kwangu ni msikiti," akasema. "Wewe unasubiri nje kwa sababu gani?"

Nikaingia na nguo zangu za kazi, zina grisi mabegani. Yohana akateleza kutoka kwenye benchi, akaja akanishika suruali. Sikuomba kitu siku ile. Nilikaa tu, na wiki iliyofuata nikarudi.

Sasa nimestaafu. Elia anafundisha shule, Neema ni muuguzi, Yohana yuko chumba cha injini cha meli nyingine hapa ziwani. Hawakukua bila njaa wala machozi, lakini walikua chini ya paa moja. Vijana wananiuliza kama nilijutia usukani. Kuna asubuhi nilizojutia, honi ilipolia. Nilikwenda kazini asubuhi hizo pia. Kwa nini Anastazia alichukuliwa, sijaambiwa mpaka leo, nami husali hivyo hivyo.

Mwaka huu nimejiunga na kwaya ya wazee, na kesho nitaimba mbele za watu kwa mara ya kwanza. Mwalimu wa kwaya, binti mdogo mwenye subira, ameona magoti yangu yalivyovimba.

"Shikamoo, mzee. Kesho tumekuwekea kiti, uimbe umekaa."

"Marahaba, mwanangu. Kiti mpe mwingine," nimemwambia. "Mimi nitasimama."