Niliuuza Mlio wa Gari la Baba

Nilimdanganya baba yangu kuhusu gari alilonipa, na nimemzika kabla sijamwambia ukweli. Kosa ni langu. Fundi hana lawama, aliyenunua vipuri hana lawama, na shetani msimsingizie. Jina langu tu ndilo naomba mniachie.

Baba alifanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani Malaba mpaka ugonjwa wa sukari ulipomla macho. Alikuwa na gari la zamani la turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, na injini yenyewe ilikuwa ya kulala, yenye silinda hedi mbili, yaani vichwa vya kufunika silinda, kimoja kushoto na kimoja kulia. Mlio wake ulikuwa wa chini, mzito, wa kudundadunda. Siku aliyonikabidhi funguo, nyumbani kwetu Kisoko, alipapasa boneti kama mtu anayemuaga ng'ombe wake.

"Badilisha tairi, badilisha viti, hata rangi ukitaka," akasema. "Injini iache. Hiyo ndiyo naisikia."

Nikaitikia. Kuitikia ni rahisi!

Mimi naishi Busia, upande wa Kenya, na kila Jumamosi nilivuka mpaka kuingia Uganda kuwaona baba na mama. Baba alinisikia nikiwa bado mbali, kabla ya kona ya shule. "Huyo amefika," anamwambia mama, anachukua fimbo, anatembea mpaka barabarani bila kushikwa mkono. Mama aliniambia kwamba wiki nzima hakuwa na safari nyingine aliyoitembea peke yake. Nikisimama, mkono wake uko tayari kwenye boneti. "Plagi moja inachelewa," atasema. Na kweli, ikifunguliwa, inakutwa imechoka.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Busia tuko watu kadhaa tunaopenda magari. Jumapili moja tulitoka pamoja, na kwenye mlima wote wakanipita. Tulipokutana mbele, mmoja akaniuliza, "Omera, ndugu yangu, hiyo turbo ni ya kupoozea chai?" Mwingine akadakia, "Mwacheni, ndani ya injini amebeba mzee wa kanisa!" Nilicheka nao. Lakini iliniuma.

Fundi wangu, Wandera, alinieleza yote vizuri. Tungefunga hedi zilizopanuliwa njia za hewa, zenye valvu kubwa, na kamshafti kali za kuziacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi. Injini ingepumua, turbo ingepata kazi ya kufanya.

"Lakini boss," akasema, "tukifunga hii kitu lazima kompyuta ipangwe upya, mafuta yalingane na hewa. Na mlio utabadilika. Ikisimama itakuwa inakohoa."

"Ikohoe tu," nikamjibu, "mradi ikimbie."

Hedi za zamani na kamshafti zake nilimuuzia mfanyabiashara wa mahindi kutoka Nabuyoga, mwenye gari la aina ileile. "Gari yangu iko mgonjwa, hedi imepasuka," alisema. "Mimi nakwenda Tororo na boda kama mtoto ya shule." Tukacheka sana. Nikamsaidia kuzipakia. Jamani, nilimsaidia kuzipakia kwa mikono yangu!

Gari langu lilikimbia, siwezi kukataa. Kompyuta nikasema nitaipanga baadaye. Basi wiki hiyohiyo, kabla sijalipeleka Kisoko hata mara moja, nikipanda mlima nikitamba, nguvu zikaisha ghafla na moshi ukatanda nyuma. Wandera alipofungua tukaona pistoni imetoboka. Hewa ilikuwa nyingi, mafuta kidogo, moto ukala chuma. Gari likalala gereji kusubiri vipuri.

Jumamosi ikafika. Ningeweza kupanda boda mpaka Kisoko! Lakini baba angeuliza gari liko wapi, na mimi ningesema nini? Nikapiga simu, nikasema nimetumwa Eldoret kikazi. Jumamosi iliyofuata nikarudia. Uongo ukikubalika mara moja, unakuwa mtamu.

Baba alipopewa simu aliniuliza neno moja tu. "Uko wapi?"

"Niko Eldoret, baba."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Haya. Endesha pole pole."

Kile kimya nilikisikia. Mimi ninayejisifu kwamba hakuna jambo linalonipita, nilikisikia na sikuuliza!

Kisha asubuhi moja moyo wa baba ukasimama, akiwa kitandani.

Siku hiyo boda niliiona. Nilipofika nyumbani, dada yangu Athieno hakunipa mkono. Alinitazama, akasema, "Leo umepata pa kusimama?"

Sikumwelewa. Nikaenda kukaa mkekani kando ya mama. Waombolezaji walikuwa wakiimba taratibu, na katikati ya wimbo nikasikia gari likija kutoka upande wa Nabuyoga. Mlio wa chini, mzito, wa kudundadunda.

Mama akainua kichwa. Akatazama barabarani, kisha akanigeukia mimi niliyekaa karibu naye, mikono mitupu, bila hata funguo. Gari likapita bila kupunguza mwendo, likaenda zake Tororo.

"Kumbe hukuwa wewe," mama akasema.

Wimbo uliendelea. Mimi nilikuwa nimekwisha.

Athieno ndiye aliyenieleza, akilia. Kila Jumamosi, siku ya soko, baba aliusikia mlio ule. Alichukua fimbo, akatoka, akasimama kando ya barabara na kuinua mkono. Gari likampita. Mama na Athieno, wakiwa jikoni nyuma ya nyumba, waliona vumbi tu. Baba akirudi anasema, "Amepita tena." Walipotaka kunipigia simu aliwakataza. "Msimuulize. Kama ana sababu, ataisema mwenyewe."

Na jioni mimi namwambia niko Eldoret!

Mwishoni hakutoka tena. Akiusikia mlio, aligeukia ukutani.

Baada ya mazishi nilikwenda Nabuyoga, nikitaka kuzinunua tena zile hedi. Yule mfanyabiashara alinipa pole, kisha akasema, "Ule mzee ya Kisoko? Mimi nilimjua! Kila nikipita ananisalimia, na mimi nampungia mkono."

Alimpungia mkono kipofu. Sikuweza kuomba chochote. Nikanywa chai yake, nikaondoka.

Gari limeshapona, Wandera amelipanga kama inavyotakiwa, na kwenye mlima hakuna anayenipita. Nikienda Kisoko mama hatoki, kwa sababu mlio huu haumwambii kitu. Lakini ule mwingine ukipita, huacha anachokifanya na kutazama barabarani.

Wenzangu, gari ni lako, fungua hedi, badilisha kamshafti unavyotaka. Ila kama umeharibu kitu cha mzazi wako, usijifiche nyuma ya simu. Usingoje kipone kwanza. Panda boda, uende leo, mikono mitupu. Atakuuliza gari liko wapi. Atafoka, pengine atakutukana mbele ya watoto wako.

Mwache aulize. Mimi natamani sana kuulizwa.