Wambeti, Anayeangusha Tovuti ili Mfugaji Asingoje Bure

Saa mbili kasorobo asubuhi, mjini Siakago, Celina Wambeti anachomoa waya wa intaneti na kupiga makofi.

"Imeanguka! Haya, tuone itasema nini," anasema, macho kwenye simu ndogo iliyopasuka kioo.

Simu hiyo kuukuu aliinunua makusudi, kwa sababu ndiyo aina ambayo wafugaji wengi wa hapa Mbeere hutumia. Kwenye kioo chake kuna fomu ya kumwita daktari wa mifugo. Anabonyeza kitufe cha kutuma. Sekunde kumi zinapita, kisha maneno yanatokea: "Ombi lako HALIJATUFIKA. Si kosa lako, mtandao umekatika. Ulichoandika kimehifadhiwa kwenye simu yako. Mnyama akiwa hatarini usingoje, piga nambari hii."

"Umeona? Hapo nani atabaki akijiuliza?" anasema, huku akiinuka kitini kwa furaha.

Wambeti ana umri wa miaka 29 na kazi yake ni kuharibu. Kila asubuhi huiangusha tovuti ya Zizi Letu mara ishirini hivi. Huandika nambari ya simu yenye tarakimu pungufu, hubonyeza kitufe mara tano mfululizo, huzima ghafla seva, kompyuta inayoiendesha tovuti. Zizi Letu ni kampuni ndogo inayowaunganisha wafugaji wa Embu na Meru na madaktari wa mifugo. Wafugaji 6,200 wamejiandikisha.

Kazi hii hakuisomea hadi mwisho. Alikuwa mwaka wa pili wa masomo ya kompyuta chuoni mjini Embu ukame ulipoua mbuzi kumi na mmoja kati ya kumi na tisa wa mama yake.

"Mbuzi ndio walikuwa karo yangu. Walipokwisha, nilifunga sanduku nikarudi nyumbani," anakumbuka.

Zizi Letu ilimwajiri kupokea simu. Alizipokea kwa mwaka mzima, hadi asubuhi moja ya Agosti 2023, mzee mmoja alipoingia ofisini akiwa ameshika kofia mkononi. Alikuwa Mithika, mfugaji wa Muthara, kule Tigania Mashariki. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri.

"Madam, sikuja kugombana," alimwambia Wambeti. "Nataka tu kuelezwa. Mimi nilikosea wapi?"

Ng'ombe wake wa maziwa alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa, na ndama akakwama. Mithika alijaza fomu kwenye simu, akabonyeza, na ukurasa ukamjibu: "Asante, ombi lako limepokelewa." Akaenda kusimama langoni kumngoja daktari. Alingoja kwa saa sita. Ng'ombe akafa, na ndama akafia tumboni.

"Kuna daktari mwingine pale sokoni, mwendo wa nusu saa," mzee alisema. "Ningejua hamkunisikia, ningemwendea kwa miguu. Lakini mlinishukuru. Mtu akikushukuru, si amekusikia?"

Wambeti alitafuta ombi lake kwenye kumbukumbu. Halikuwepo. Alitafuta tena kwa jina, kwa nambari ya simu, kwa tarehe. Hakuna kitu.

Akampigia Riungu, fundi aliyeiunda tovuti hiyo, ambaye alikuwa mjini Embu. Riungu alifika kabla ya saa saba, akafungua kompyuta yake, akasoma mistari michache ya programu, akaliona tatizo.

Kumbe alikuwa ameiagiza programu kwamba kosa lolote likitokea wakati wa kuhifadhi ombi, ilimeze kimya kimya na kuendelea hadi kwenye ukurasa wa shukrani.

"Nilitaka ionekane safi," Riungu anakiri sasa. "Niliogopa watu wakiona makosa watatukimbia." Walipolinganisha rekodi za seva na maombi yaliyohifadhiwa, waligundua kuwa kati ya maombi 412 ya mwezi huo, 37 yalikuwa yamepotea hivyo. Watu 37 walishukuriwa na hakuna aliyewasikia.

Riungu alitoka nje alikokuwa ameketi mzee. "Mzee, hukukosea popote," alimwambia. "Aliyekosea ni mimi."

"Basi rekebisha," Mithika akasema, akavaa kofia yake.

Wiki hiyo hiyo Wambeti alimwomba Riungu amfundishe. Kwa miezi minane alipokea simu mchana na kusoma programu kila alipopata nafasi. Hawakukosa kuzozana. Riungu alitaka tovuti ikianguka iandike "Hitilafu 500", kama zinavyofanya tovuti nyingi.

"Nikamuuliza, mia tano ni nini? Mfugaji atafikiri anatozwa shilingi mia tano!" Wambeti anasimulia, akicheka hadi anajifuta machozi.

Walikubaliana kwamba nambari zibaki kwa Riungu, ambaye simu yake hulia kila kosa linapotokea, naye mfugaji apewe maneno anayoyaelewa. Wambeti aliyaandika kwenye karatasi na kuyapeleka sokoni Siakago siku ya soko, akiwaomba watu wayasome. Mama mmoja muuza ndengu alisoma "Jaribu tena baadaye" na kumrudishia karatasi.

"Baadaye ni saa ngapi?" aliuliza. Sentensi hiyo ilifutwa siku hiyo hiyo.

Kisha ikaja Februari mwaka huu. Zizi Letu ilitangaza siku ya kujiandikisha kwa chanjo ya mbuzi, na wafugaji wakaingia kwa wingi ambao haukutarajiwa. Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, seva ikazimika.

"Moyo uliniruka," anasema Wambeti. "Lakini simu za ofisi zikaanza kulia, zote tatu! Nikajua ujumbe unafanya kazi. Watu walikuwa wanasoma na wanapiga."

Simu ya nne kupokewa ilikuwa ya Joyline Makandi, mfugaji wa Gachoka. Yeye hakutaka chanjo. Mtamba wake, ng'ombe ambaye bado hajazaa, alikuwa amekula majani mabichi yenye umande, na tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma.

"Dada, simu imeniambia nisingoje, kwa hivyo singoji!" alipiga kelele. "Anaanguka!"

Wambeti alimpigia kwa simu nyingine Daktari Ayub Kasim, ambaye alikuwa karibu na Gachoka kwa pikipiki. Hakukata simu ya Makandi. Alimweleza amsimamishe mtamba kichwa kikiwa upande wa juu wa mteremko, na akaendelea kumwuliza, "Bado anapumua?" Dakika kumi na nane baadaye alisikia pikipiki ikizima, kisha gesi ikitoka kwa sauti tumboni mwa mnyama daktari alipopenyeza bomba, kisha Makandi akipiga vigelegele.

"Ofisi nzima ilisimama!" anasema Wambeti. "Riungu alinikumbatia, na Riungu si mtu wa kukumbatia."

Seva ilirudi saa tano kasoro. Kati ya fomu 1,140 zilizokwama, hakuna hata moja iliyopotea. Zilikuwa zimengoja kwenye simu za wenyewe, zikajituma seva iliporudi, na kila mmoja akapata ujumbe: "Sasa tumekupata."

Septemba hii Wambeti anarudi chuoni kumalizia masomo aliyoyaacha. Lakini kinachomfanya aongee haraka hadi maneno yanagongana ni mpango mwingine. Wazee wengi hawasomi vizuri, hivyo anataka kila ujumbe wa kosa usikike kwa sauti, kwa Kimeru, Kiembu na Kimbeere. Jumbe ni arobaini na sita. Amesharekodi tatu.

"Tovuti itaanguka tena, hilo siwezi kukudanganya," anasema, akivuta kipaza sauti karibu na mdomo. "Lakini ikianguka, nyanya aliye peke yake na ng'ombe wake aambiwe ukweli kwa lugha aliyozaliwa nayo, papo hapo, ili ajue aende wapi."

Anamwomba mwandishi afunge mlango, anakohoa kidogo, na kuanza kurekodi ujumbe wa nne.